Tupeane uzoefu: ulipotoka jela, chumba ulipata wapi?

Mzawa wa Ngarenaro: Wakuu, habari za jioni. Leo nilikuwa kwa fundi Sombetini, hapa Arusha, nikamsikia dalali anamwambia kijana mmoja, "Ungenyamaza tu, chumba ungekipata." Mama mwenye nyumba alimuuliza alikuwa anakaa wapi, kijana akasema ukweli: gereza la Kisongo. Mama akafunga geti. Nilijiona mimi mwaka 2017, nikaondoka hata fundi hajamaliza.

Nilihukumiwa miaka mitatu, nikapunguziwa theluthi, nikatumikia miwili. Mke alisharudi kwao, vitu vimegawanywa. Nilishuka Kilombero na mfuko wa rambo wenye shati moja. Wiki tatu nilizunguka. Njiro, Sakina, wanataka kodi ya miezi sita mkononi, mdhamini, na barua ya mwenyekiti wa mtaa ulikotoka. Mwenyekiti gani aniandikie, na miaka miwili nimelala gerezani? Unga Limited nikalipa 25,000 ya mwezi mmoja, hakuna aliyeniuliza hata jina la pili. Ila chumba cha pili walikuwa wanakaa walewale niliokamatwa nao. Nyie mlianzia wapi?

Konda wa Kwa Mrombo: Kweli tupu mkuu. Wasipokuuliza barua, jua majirani nao hawakuulizwa.

Baba Wapangaji, Njiro: Mnatulaumu bure. Nina wapangaji sita na watoto wao. Akiibiwa mmoja, kesho wanahama wote, na mkopo wa nyumba naulipa mimi. Barua ni utaratibu, siyo chuki.

Konda wa Kwa Mrombo: Huyo mtu atapata wapi huo utaratibu? Kila mtaa wenye taa na mlinzi ukikataa, wote mnatuletea sisi. Halafu mnasema huku kwetu kuna wahuni.

Baba Wapangaji, Njiro: Mpangishe wewe basi.

Konda wa Kwa Mrombo: Nimepanga mimi mwenyewe, chumba kimoja, watu watano!

Msaidizi wa Kisheria: Ndugu mwanzisha uzi, kwa miaka mitatu ungeweza kupata kifungo cha nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ipo kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu: unafanya kazi bila malipo huku unaishi kwako, na chumba hakipotei.

Mzawa wa Ngarenaro: Maofisa wa huduma hiyo walikuja kuulizia ninapoishi, mwenye nyumba akasema hanijui. Nilikuwa na deni lake la miezi miwili.

Msaidizi wa Kisheria: Pole sana.

Binti wa Pasua: Mmenitonesha. Kaka yangu alitoka gereza la Karanga kwa msamaha wa Rais, ule wa 9 Desemba. Akapanda moja kwa moja Kibosho, kihambani, shamba la ukoo wetu. Baba alishafariki, nyumba anayo kitinda mimba kama desturi yetu, na ile sehemu aliyoonyeshwa kaka enzi za baba imeshapandwa parachichi. Walimpa mbege, wakamkumbatia, jua lilipozama wakamuuliza gari la mwisho la kushuka Moshi ni saa ngapi.

Akaja kwangu Pasua. Chumba kimoja, mimi na wanangu wawili, yeye analala koridoni. Mwezi haujaisha, usiku wa saa nane nikasikia filimbi. Pikipiki ya jirani imeibwa. Watu hawakwenda kushoto wala kulia, walikuja mlangoni kwetu. "Mtoeni huyo mfungwa!" Kaka ana malaria, siku mbili hajanyanyuka. Niliona tairi kwa macho yangu. Harufu ya petroli ilipita chini ya mlango, mtoto wangu mdogo akauliza kama gari limefika.

Mwenye nyumba wetu ni bibi, mguu mmoja unamsumbua. Alitoka na khanga tu, akakaa chini kwenye kizingiti. Akasema, "Mrukeni bibi yenu muingie." Hakuna aliyeruka. Akakaa hapo mpaka balozi wa nyumba kumi akaja, kukapambazuka. Pikipiki ilionekana Njoro, kaichukua mpwa wa mwenyewe. Hakuna aliyerudi kwetu kusema pole.

Soko la Mbuyuni: Nimesisimka mwili mzima.

Mama Tea, Majengo: Huyo bibi Mungu amtunze. Wakuu, ukitoka nenda kwanza kwa balozi, upige hodi, ujitambulishe mwenyewe. Akusikie kwako kabla hajakusikia kwa watu.

Kijana wa Esso: Thubutu! Mimi nilijitambulisha. Kila kuku akipotea naitwa. Nyamaza, sema umetoka machimboni Mererani, hakuna atakayeuliza mengi.

Mama Tea, Majengo: Na siku wakijua ulidanganya?

Kijana wa Esso: Nitakuwa nimeshakaa mwaka, mama, wananijua kwa matendo.

Mzee wa Rau: Vijana, hameni mji kabisa. Babati kuna mashamba.

Baba Wapangaji, Njiro: Dada wa Pasua, nimesoma mara mbili. Kaka yako yuko wapi sasa?

Binti wa Pasua: Kule ndani alijifunza kushona viatu, sasa ana kibanda sokoni. Analala humohumo, juu ya maboksi, kati ya viatu vya watu. Kila Jumapili namwambia arudi. Anasema bibi amezeeka, siku nyingine hatawahi kufika mlangoni.

Baba Wapangaji, Njiro: Nina stoo nyuma, ina mlango wake. Ngoja niongee na mama watoto. Siahidi.

Konda wa Kwa Mrombo: Ongea naye leo.

Mama Tea, Majengo: Mwanzisha uzi, yule kijana wa Sombetini amelala wapi usiku huu?

Mzawa wa Ngarenaro: Sijui mama. Nilipanda kifodi bila kumuuliza. Asubuhi naenda kwa yule dalali.