Mwanafunzi kanakili insha ya majahazi, na babu yake ni fundi wa majahazi

mwalimu_langoni:
Assalaam alaykum. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Lamu. Nina jambo limeninyima usingizi tangu Ijumaa.

Niliwapa wanafunzi insha ya kurasa mbili: namna jahazi linavyoundwa. Kijana mmoja wa Matondoni kaleta kazi safi mno, hakuna kosa la tahajia hata moja. Lakini hamna mkuku ndani yake, ule mti mkuu wa chini, hamna mataruma, yaani mbavu za chombo, hamna tezo ya kuchongea wala kalafati ya kuziba nyufa. Kuna "chombo cha kitamaduni kinachovutia watalii wengi". Nilipoichapa sentensi hiyo kwenye simu ikatokea nzimanzima kwenye tovuti ya mambo ya safari. Yaliyobaki nadhani ni ya ChatGPT, ambayo tangu mwisho wa 2022 kila mwenye bando anaifikia.

Kinachoniuma si wizi peke yake. Babu wa kijana huyu ni fundi. Nimemwona kwa macho yangu, kachutama kando ya chombo, akipigilia pamba baina ya mbao. Mtoto analala nyumba moja na elimu ile, kisha anakwenda kuikopa kwa asiyewahi kugusa jahazi. Nimpe sufuri, au kuna njia nyingine? Nishaurini.

binti_malindi:
Shikamoo mwalimu. Chuoni kwetu tasnifu zote hupitishwa kwenye Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine. Watu huiona kama hakimu, kumbe asilimia yake ya mfanano huonyesha tu ni kiasi gani cha maneno yako kipo kwingine. Hata nukuu uliyoitaja chanzo inaweza kuhesabiwa, msimamizi asipoiondoa. Na nimeona wenzangu wakibadilisha neno mojamoja, "wengi" likawa "lukuki", hadi asilimia ikashuka, na wazo likabaki la yule waliyemnakili. Mwite umuulize mkuku ni nini. Hapo utajua anachokijua.

mzazi_mkomani:
Sufuri apewe. Binti yangu alikesha na insha yake akapata 11. Wa kunakili akisamehewa, wangu nimwambie nini?

zamani_mwandishi:
Mwalimu, mimi nilikaa Malindi miaka mitatu nikiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, nalipwa kwa dola. Moja ilikuwa ya uuguzi, kuhusu kipimo cha dawa kwa watoto. Mwenyewe akaniandikia kwa furaha kuwa amepata alama ya juu. Furaha ile ilinitia hofu: huyu kesho yuko wodini. Nikaacha. Mwaka 2022 Uingereza ikatunga sheria iliyofanya kuuza insha kwa wanafunzi wa vyuo vya England kuwa kosa la jinai, lakini wanunuzi wangu hawakuanza kwa kununua. Walianza kwa kunakili wakiwa wadogo, na hakuna aliyekaa nao chini. Sufuri mpe, lakini usiishie hapo.

mzee_wa_pate:
Wanangu, mambo haya si mageni kwetu. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, alilitia jina lake na tarehe mwishoni mwa beti. Watungaji wetu walijua neno lina mwenyewe. Huyo kijana akimtaja babu yake kwa jina, hajanakili, amepokea. Mfundishe tofauti hiyo.

mwalimu_langoni:
Ahsanteni, na marahaba binti. Ya kwanza nimeitia sufuri, mzazi_mkomani, na binti yako hakudhulumiwa. Kisha nikampa kijana siku nne aandike nyingine akiwa ubavuni mwa babu yake, bila simu.

Kaleta leo, ukurasa mmoja na nusu. Kamtaja babu kwa jina kwenye mstari wa kwanza. Katikati kaandika hivi: "Babu amesema nyundo ikigonga pamba sauti ikawa nzito, mshono umeshiba. Ikilia kama debe, toa upige tena, hapo maji yatapita." Nimeitafuta sentensi hiyo kwenye intaneti, sikuiona popote. Tahajia mbovu, aya zimeparaganyika. Nimemwekea 13 pembeni, si za kujumlisha, na Jumatatu atawasomea wenzake.