Tupeane uzoefu: neno "charge" na mitego yake

Mleta mada: Wakuu, neno hili la Kiingereza liko kwenye simu, mahakamani, wodini na bandarini, na kila mahali lina maana yake. Asili yake ni Kilatini "carricare", kupakia mkokoteni. Ushike mzigo huo na mengi yatafunguka: betri hubebeshwa umeme, mteja gharama, mshtakiwa shtaka. Kila mmoja aeleze linavyotumika kazini kwake na watu wanapokosea.

Mfasiri: Angalieni kinachofuata. "Charged with theft" ni kushtakiwa kwa wizi; "charged for water" ni kutozwa pesa ya maji. "Charged for theft" ni kosa, ingawa naliona kila wiki. Likifuatwa na kiasi, "charged 5,000 shillings", ni kutozwa tu, hakuna kesi hapo. Halafu "charged with training new staff" ni kukabidhiwa kazi ya kufundisha wafanyakazi wapya. Baada ya "with", basi, tazama kama kuna kosa au kuna kazi.

Karani wa mahakama: Niongeze hapo. Hati ya mashtaka hutaja kosa na kifungu cha sheria, kisha maelezo ya kosa: nani, lini, wapi, alifanya nini. Haitoi hukumu. Anayetafsiri "charged" kuwa "amepatikana na hatia" anamtia mtu hatiani kabla kesi haijasikilizwa, na hilo ni jambo zito. Ikiwa watu wanamtuhumu tu mtaani, Kiingereza chake ni "accused of".

Muuguzi: Kwetu "in charge" imeshakuwa "inchaji". Mtego uko kwenye "the". "The nurse is in charge of the child": muuguzi ndiye msimamizi. "The child is in the charge of the nurse": mtoto yuko chini ya uangalizi wa muuguzi. Ukiondoa hiyo "the" iliyo kabla ya "charge", mtoto ndiye anakuwa msimamizi. Na "discharge" kwenye fomu ya kutoka ni ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwenye maelezo ya kidonda ni usaha au majimaji.

Fundi betri: "No charge" kwenye risiti ni bure; kwenye betri ni kwamba umeme umeisha. Betri ya gari ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.0, iwahi. Chaji kwa sehemu ya kumi ya uwezo: betri ya Ah 60 (ampea-saa, kipimo cha uwezo), ampea 6. Ukiiacha tupu wiki nyingi, salfeti (chumvi ya risasi) huganda kwenye pleti, yaani mabamba ya ndani, na betri haishiki tena chaji. Maji ya betri ongeza baada ya kuchaji, maana kiwango hupanda. Pleti zikiwa wazi tu ndipo uzifunike kwanza. "Overcharge": betri huchemka, mteja hulanguliwa.

Wakala wa forodha: "Port of discharge" kwenye hati ya shehena ni bandari ya kushushia mzigo. Mkokoteni ule ule.

Wakili, Nairobi: Kenya, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, "charge" ni rehani ambayo benki husajili juu ya hati yako ya ardhi. Ukimaliza deni, dai "discharge of charge", yaani hati ya kuondoa rehani, na uisajili. Bila usajili huo, anayekagua rejista bado ataiona rehani.