MJADALA: Samaki hawali, shuleni hawaendi, na mama ni mjamzito. Mtaa una haki ya kuingilia?

Bi Langoni (mwenye mada)

Assalaam alaykum jamaa. Jambo hili ndilo gumzo hapa Langoni, Lamu, tangu baraza ya chifu, na kwa kuwa barazani wanawake tuliambiwa "nyinyi mtasikizwa baadaye", nalileta hapa.

Kuna nyumba moja mtaani kwetu. Mume ni mwana wa Amu (Lamu), mke ametoka Malindi. Wana msichana wa miaka tisa na mvulana wa sita, na wa tatu yuko njiani. Nyumba hiyo haili nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali. Siku hizi watu wa namna hiyo wanaitwa vegani. Tena watoto hawaendi shule. Mama huwasomesha mwenyewe nyumbani, kisha alasiri wanakwenda chuoni (madrasa) kwa ustadh kama watoto wengine wote.

Barazani mzee mmoja alisimama akataka wazazi hao washtakiwe kwa makosa mawili: kuwanyima watoto elimu, na kumnyima aliye tumboni chakula. Akapigiwa makofi. Chifu akasema atalitazama.

Mimi naona mambo mawili yasiyofanana yamefungwa kitita kimoja. La samaki ndilo lililopigiwa kelele, kwa sababu sisi ni watu wa bahari na asiyekula samaki tunamwona wa ajabu. Lakini hebu tazameni wanachokula. Asubuhi mbaazi za nazi na mahamri. Mchana wali wa nazi kwa kunde au mchicha. Usiku muhogo, au mkate wa mofa na maharagwe. Hicho ndicho chakula cha nusu ya mji huu mwezi ukishafika tarehe ishirini, au kusi likichachamaa mashua zikalala ufukweni. Sijaona chifu akija kuniuliza mbona leo jikoni mwangu hamnuki samaki.

La shule ndilo zito, na halikuzungumzwa hata kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Akikaidi bila sababu ya maana, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na papo hapo inataja haki yake ya lishe. Kwa hivyo yule mzee hakusimama mikono mitupu.

Haya, semeni. Ila matusi peleka kwenu.

Nahodha wa Wiyoni

Bi, nakuheshimu, lakini kwenye samaki hapo sikubali. Sisi tukikosa samaki ni kudra, wao ni kupenda kwao. Mja mzito anataka supu ya changu, anataka kitu cha kumtia nguvu. Mke wangu amezaa watano, na kila mimba nilikuwa nikirudi bahari nampelekea fungu lake kabla sijauza hata mmoja. Leo wanangu wanabeba mashine ya boti mabegani. Mbaazi ni kifungua kinywa tu, huwezi kumjengea mtoto mwili.

Ama shule, waacheni. Mimi nilitoka darasa la tano nikaingia chomboni, na hakuna aliyenifunga.

Muuguzi mstaafu, Mkomani

Nahodha, mashine ya boti kliniki hatupimi. Tunapima damu, na upungufu wa damu nimeuona sana, hata kwa wake za wavuvi.

Niseme ninachokijua. Kwanza, wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2016 jumuiya ya wataalamu wa lishe ya Marekani ilisema chakula cha mimea tupu, kikipangwa vizuri, kinamfaa hata mjamzito. Mwaka huohuo wenzao wa Ujerumani wakasema hawakipendekezi kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Ubishi mkubwa uko kwenye vitamini B12. Hiyo hutengenezwa na bakteria, na sisi tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye mbaazi, kunde, mchicha na nazi huitegemei.

Hatari yake ni kwamba haina haraka. Mtu mzima ana akiba ya B12 kwenye ini inayoweza kumchukua miaka, kwa hivyo anajiona hana neno. Mtoto ndiye anayezaliwa na akiba haba, akanyonya maziwa yenye B12 haba, na baada ya miezi kadhaa unaanza kuona analegea. Alikuwa anakaa, sasa hakai. Alikuwa anacheka, sasa anakutazama tu. Ikichelewa kujulikana, ubongo unaweza kubaki na kasoro.

Msidhani vidonge vya kliniki vinatosha. Vile vya bure vina madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400. B12 hamna. Unga wa pakiti huongezwa vitamini kwa amri ya sheria, na B12 imo kidogo, lakini nyumba hizi za vyakula vya asili hupenda kusagisha mashineni, na unga wa mashineni haujaongezwa kitu.

Na hili ni la nyumba zote, si yao peke yake: chuma cha mbaazi na mboga mwili haukipokei kwa urahisi. Kamulia ndimu, au kula na embe. Na chai muiache mpaka chakula kitulie tumboni, maana chai inakizuia chuma kisipite. Najua mahamri na mbaazi bila chai hapa Amu ni kama harusi bila twarab, lakini mjamzito avumilie.

Mwisho, Nahodha: papa mkavu usimpelekee mja mzito. Papa na samaki wengine wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini, na zebaki ni sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa hivyo mimi sina haja ya kujua bibi huyo hali nini. Nataka kujua kama B12 anameza au hamezi.

Mama wa nyumba hiyo

Waalaykum salaam. Mimi ndiye mwenyewe. Bi, mlango wangu unaujua, ungebisha hodi kwanza kabla ya kuniweka hapa. Haya, nishawekwa.

B12 nameza, Bi Muuguzi. Naagiza kutoka Mombasa kwa sababu hapa mara nyingi haipatikani. Kliniki nahudhuria na kitabu changu kimejazwa. Ila nikisema sili maini, napewa mawaidha mpaka foleni yote nyuma inasikia, na ya B12 sijaulizwa hata siku moja. Wewe ndiye wa kwanza.

Hatukuiga wageni wa Shela. Mume wangu alifanya kazi ya kuchinja huko Malindi, ikamshinda, akaacha kazi na nyama pamoja. Mimi nilimfuata baadaye kwa hiari yangu.

Mkubwa alikwenda chekechea muda mfupi. Darasa limejaa mpaka mlangoni, mwalimu mmoja, akarudi nyumbani na alama za fimbo miguuni. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Aliyemchapa alikuwa hajapata habari, nadhani.

Mnataka kujua tunasoma nini? Baada ya alfajiri na chai (chai ya tangawizi, kavu, na kuanzia leo nitaingoja), Kiswahili na Kiingereza kwa vitabu vilevile vya mtaala vinavyouzwa madukani. Hesabu tunaifanya gatini. Msichana amefunga mafundo kwenye kamba, umbali sawa fundo kwa fundo, na baba yake huiteremsha kwenye ngazi za gati. Yeye anaandika maji yamefika fundo la ngapi na saa ngapi. Akagundua mwenyewe kuwa maji kujaa huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Kisha akaweka mwezi pembeni ya daftari, akaona bamvua, yaani maji kujaa na kutoka sana, linakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, katikati. Amechora mstari wake, unapanda na kushuka, na sasa anamwambia baba yake mashua itaelea saa ngapi kesho. Mdogo bado anapigana na herufi "gh", sitawadanganya.

Na yule mzee aliyenishtaki barazani: wajukuu zake wawili wako gatini saa nne asubuhi wanabeba mabegi ya watalii. Sisi tukipima maji tunawaona. Shule wameandikishwa, ndiyo. Majina yao yanahudhuria.

Ustadh

Watoto hao nawasomesha na hawana kasoro. Msichana anawapita wengi kwa hifdhi.

Nimeulizwa na wengi kuhusu akika, yaani kumchinjia mtoto aliyezaliwa, kwa hivyo nawajibu wote kwa pamoja. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, akika ni sunna iliyokokotezwa: mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, siku ya saba. Si faradhi. Asiyechinja hapati dhambi, fadhila ndiyo inayompita. Na wakitaka fadhila bila kula nyama, njia ipo: wamwakilishe mtu achinje, nyama wapewe masikini. Tahniki yenyewe, kumwonjesha mtoto mchanga kitu kitamu kinywani, ni kwa tende, hapo hakuna tatizo lolote.

Tahadhari yangu ni moja. Kuacha kula kitu kwa sababu hukipendi, hilo ni lako. Kukiita haramu alichokihalalisha Mola, hapo tutagombana. Nimemuuliza mume, akaniambia hawaharamishi. Basi.

Kuhusu elimu, mji huu ulikuwa na vyuo kabla haujawa na wizara. Riyadha, msikiti na chuo cha Habib Swaleh, imetoa wanazuoni wanaojulikana Afrika Mashariki yote. Sheria hiyohiyo ya 2013 inazitaja madrasa na duksi (vyuo vya Kurani vya Wasomali). Lakini nisiwe mnafiki: kuzitaja si kusema zinatosha badala ya shule.

Bi Langoni

Mwanangu, lililosemwa barazani kwa kipaza sauti halikuwa siri nikalitoboa mimi. Hodi nitabisha, na tutazungumza. La chakula kwangu limekwisha: anameza kidonge, anahudhuria kliniki, mtaa urudi nyumbani ukapike. Nahodha, unyamaze.

La kamba na mafundo limenifurahisha mno. Ndiyo maana nakuuliza kwa uchungu: na mtihani?

Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, ulianza 2025, na matokeo ya mtoto hayatoki kwenye karatasi za wiki hiyo peke yake. Asilimia 20 ni KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6. Asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 ndiyo KJSEA yenyewe. Tathmini hizo shule ndiyo inayozipeleka KNEC, baraza la mitihani, kwa mtandao. Asiye na shule hana wa kumpelekea. Kwa hivyo binti yako anaweza kujua bahari yote kwa hesabu, na afike Gredi ya 9 alama 40 zimekwisha kumpita kabla hajashika kalamu. Na ana miaka tisa. Tathmini za shuleni zinaanza Gredi ya 4, yaani sasa hivi.

Nyinyi wawili mmechagua, na mnajua mlichokiacha. Yeye hajakijua bado. Bandari ya Kililana ilipokea meli ya kwanza mwaka 2021, na meli zinahitaji marubani wa kuziingiza kwenye mkondo. Nani anafaa zaidi ya msichana anayetabiri maji? Lakini watamuuliza cheti kwanza, mafundo baadaye. Mtihani wa Uingereza, wa Cambridge, unaweza kufanywa binafsi, ila ada yake mnaijua, na hapa Amu huufanyi ukarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Nauliza: hawezi kuandikishwa shule ya jirani, tathmini akafanyie huko, na masomo mengine abaki nayo nyumbani?

Mwalimu, Hindi (Lamu bara)

Hawezi. Naomba niseme wazi, maana ombi hili naletewa kila mwaka kwa sababu mbalimbali. Siwezi kupeleka KNEC alama za mtoto nisiyemwona darasani. Ni udanganyifu, na anayefutwa kazi ni mimi, si Bi Langoni.

Aje kama wenzake, Jumatatu hadi Ijumaa. Chakula kisiwe kisingizio, chetu sisi ni pure, mahindi na maharagwe, hamna hata mfupa. Na ile daftari ya maji aje nayo. Mtaala huu mpya unadai mtoto ajifunze kwa vitendo, na sisi wengi tunaishia kuwaagiza wazazi makatoni na gundi.

Mama wa nyumba hiyo

Mwalimu, umezungumza kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu. Hizo asilimia nilikuwa nazijua. Zinanisumbua kuliko mnavyofikiri, na mimi na mume wangu hatujakubaliana. Yeye anasema dunia itabadilika kabla mtoto hajafika Gredi ya 9. Mimi sina imani hiyo.

Niambie jambo moja tu. Darasa lako la Gredi ya 4 lina watoto wangapi?

Mwalimu, Hindi

Sabini na wawili. Madawati ni ya arobaini. Fimbo hakuna, hilo naliapia. Njoo naye uone mwenyewe kabla hujajifungua, baadaye hutapata nafasi.