Mjadala: Je, haidroksili ya 2′ ndiyo inayoiwezesha protini ya bakteria kuijua RNA?

Pipeti: Haidroksili ya 2′, yaani lile kundi la OH ambalo sukari ya RNA inalo na ya DNA haina, tunaipamba mno. Itazameni Rho, protini ya E. coli inayokomesha unakiliwaji wa RNA. Ina sehemu mbili za kushikia. Ya kwanza huipokea poly(dC), ambayo ni DNA ya sitosini tupu, bila kinyongo. Ya pili, katikati ya pete, haiamki bila RNA, na isipoamka ATP, nishati yake, haivunjwi. Uchaguzi unafanyika kazini, si mlangoni.

Mtaro: Mkuu, hapo umenisaidia mimi. Hiyo sehemu ya pili inatafuta nini kama si haidroksili yenyewe? Tena kwenye nyuzi pacha haidroksili ndiyo inayoilazimisha sukari ikunjike kwa mkao uitwao C3′-endo, RNA ikakaa katika umbo A, tofauti na umbo la kawaida la DNA: kati ya mitaro miwili ya helisi, mkubwa unabanwa na kuzama, mdogo unatanuka. Protini iliyozoea kuchomeka helisi yake kwenye mtaro mkubwa wa DNA inakosa pa kuingilia.

Pipeti: Nyuzi pacha sawa. Uzi mmoja je? CspB, protini ya baridi ya bakteria Bacillus subtilis, huishika DNA ya thaimini tupu kwa nguvu kuliko RNA ya urasili tupu. Methili ya thaimini nayo ina neno lake.

Jeli6: Mnabishana kwa vipimo vilivyochanganya mambo. Anayelinganisha rU na dT (r ni sukari ya RNA, d ya DNA; U ni urasili, T thaimini) amebadilisha sukari na besi kwa mpigo. Pimeni vipande vinne vya urefu mmoja: rU, dU, rT, dT. rU kwa dU inaonyesha sukari. dU kwa dT, methili. Mkolezo wa kipande uwe chini ya moja ya kumi ya Kd, yaani mkolezo wa protini unaoshika nusu ya vipande, la sivyo mnapima wingi wa protini, si nguvu ya kushika. Tofauti ya mara 10 kwenye 25 °C ni kama 1.4 kcal/mol tu. Kifungo kimoja au viwili vya hidrojeni vinatosha kuileta.

Mtaro: Na chumvi?

Jeli6: Kwa 50 mM NaCl protini yenye chaji chanya hung'ang'ania fosfati yoyote, rudieni kwa 150. Kabla ya hapo someni A260/A280, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nm 260 na 280: protini safi huwa karibu 0.6. Ikipita 1 imebeba asidi nukleiki za bakteria. Isafisheni kwa 1 M NaCl. Halafu kuna mgeni asiyealikwa: Hfq, protini ya E. coli inayoshika RNA, hunata kwenye nikeli ya kusafishia protini hata bila mkia wa histidini tunaoziwekea ili zinate, nayo hupenda urasili kupindukia. "Protini mpya ya RNA" huenda ikawa ni yeye. Izalisheni kwenye bakteria wasio na jeni ya hfq.

Pipeti: Hilo la Hfq nalikubali. La Rho bado.