Maktaba ndogo ya usimbaji fiche kwa chipu yenye RAM ya kilobaiti 20

Swali: Wakuu, habari za kazi. Ninatengeneza kifaa cha kupima maji tangini kwa chipu ya STM32F103C8, na kila kipimo lazima kisimbwe kabla ya kurushwa kwa redio. Je, nitumie Monocypher (maktaba ndogo ya usimbaji fiche) au AES (njia ya usimbaji inayotumika sana)?

Jibu la 1: Tumia Monocypher, mkuu. Kiini chake ni faili mbili tu za lugha ya C, haihitaji mfumo endeshi, na XChaCha20, njia ya usimbaji iliyomo, hujumlisha na kuzungusha biti bila yale majedwali ya AES ambayo, kwenye baadhi ya chipu, huvujisha ufunguo kupitia tofauti za muda. Chipu yako haina saketi ya AES, hivyo hupotezi kitu.

Jibu la 2: Naongezea kosa lililonigharimu. Kila ujumbe husimbwa kwa ufunguo pamoja na namba isiyopaswa kurudiwa (nonce), nami niliipata kutoka kaunta ya jumbe. Kaunta hiyo ilikaa kwenye RAM, kwa hiyo kila umeme ulipokatika ilianza tena sifuri, na jumbe mpya zikasimbwa kwa ufunguo na namba zilezile za zamani. Anayenasa jumbe mbili za namna hiyo anaweza kulinganisha yaliyomo bila kuujua ufunguo. Andika kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) kikomo kilicho mbele ya kaunta kwa 1,000, kisha chipu ikiwaka uanzie hapo.

Muulizaji: Ahsanteni. Je, nirushe baiti zote 24 za nonce hiyo?

Jibu la 2: Hapana, rusha kaunta ya baiti 4, mpokeaji ajazie sifuri kwenye baiti zilizobaki. Zile baiti 16 za uthibitisho (zinazoonyesha kuwa ujumbe haujabadilishwa) usizipunguze.