Tupeane uzoefu: Mzee Senteza Kajubi aliyagusa vipi maisha yako?

Mwalimu wa Busia
Wapendwa, juzi ofisini kijana aliyemaliza ualimu mwaka jana kaniuliza Kajubi alikuwa waziri wa serikali gani. Niliumia. Profesa William Senteza Kajubi aliongoza Chuo Kikuu cha Makerere, hapa Uganda, akiwa makamu mkuu, mara mbili: 1977 hadi 1979, enzi za Amin, tena 1990 hadi 1993. Baadaye akawa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nkumba. Alitutoka Mei 2012. Kwetu sisi walimu alikuwa kwanza mwalimu wa walimu, vyeo vikaja juu yake. Ripoti ya 1989 ya tume aliyoiongoza kuhusu sera ya elimu tuliisoma kwa zamu, nakala moja darasa zima, kurasa zimeshaanza kuchomoka. Mwenye kumbukumbu aitoe, hata ikiwa ndogo.

Mzee wa Arua
Jiografia ndiyo ilikuwa fani yake. Alisomea Chicago miaka ya 1950 kwa udhamini wa Fulbright, wakati Mwafrika kwenda Marekani kusoma ilikuwa habari ya wilaya nzima. Akarudi kufundisha nyumbani. Hilo la kurudi ndilo ninalomheshimia.

Binti wa Kambi
Mimi nimezaliwa kambini, baba mwanajeshi, Kiswahili ndicho nilichoanza kusema. Tulipohamia mjini, nikifungua mdomo darasani wenzangu wanaambizana, "Huyo mtoto wa jeshi." Watu wa rika langu mnajua sababu. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na raia wengi walikuwa wanakisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kinatoka kwa mtu aliyeshika bunduki. Nilijifunza kunyamaza.

Sasa fikirini: tume inayoongozwa na Muganda, profesa, mzee anayeheshimika Buganda, kulikopingwa Kiswahili tangu zamani, inapendekeza Kiswahili kifundishwe kwa wanafunzi wote wa sekondari. Mwalimu wetu alipotusomea kifungu hicho niliinua kichwa. Mtu mkubwa namna ile alikuwa ameiona lugha yangu kuwa ya kusomwa. Leo nakifundisha.

Mpita Njia Malaba
Na bado hadi Julai 2022 ndipo baraza la mawaziri likaridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Toka 1989! Walimu wa kutosha wako wapi?

Ndugu wa Mukono
Samahani, msimfanye malaika. Desemba 1990 wanafunzi wawili waliuawa kwa risasi Makerere, katika mgomo uliohusu marupurupu yao. Makamu mkuu alikuwa nani?

Mzee wa Arua
Ndugu, risasi zilitoka kwa polisi. Na fedha za marupurupu hazikuwa zake, ni za serikali. Usimbebeshe maiti mzigo wa walio hai.

Ndugu wa Mukono
Simbebeshi. Nasema wale vijana wawili nao watajwe tunapomtaja. Mbona hilo linawachoma?

Mwalimu wa Busia
Watajwe, una haki. Tuendelee.

Mtoto wa UPE
Nimekuwa nasoma tu, lakini nitaandika. UPE, yaani elimu ya msingi bure kwa wote, ya 1997 ilitokana na pendekezo la tume ile, na kwetu upande wa Tororo iliingia hivi.

Mwanzo serikali ililipia watoto wanne kwa kila familia, na wasichana wakiwepo, wawili wawe wao. Sisi tulikuwa tisa, mama wawili. Baba alikuwa anasomesha wavulana watatu kwa ada ya kuungaunga, akataka wa nne pia awe mvulana. Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, alikuja na daftari lake, akakaa chini ya mwembe, akasema haandiki jina lolote hadi asikie ya wasichana wawili. Walibishana hadi mbuzi wakarudi. Mwishowe niliandikwa mimi na mtoto wa mama mkubwa. Kaka yangu niliyefuatana naye alikuwa P3, darasa la tatu, anapenda hesabu kuliko chakula. Jina lake likaachwa.

Hakulia. Usiku ule alitoa madaftari yake, akachana kurasa zote alizokwisha kuandika, taratibu, moja moja, akanipa yaliyobaki meupe. Akaniambia, "Usichore picha humo." Mwezi haukuisha akawa anasukuma baiskeli ya mizigo mpakani.

Ukomo wa wanne uliondolewa baadaye, yeye akiwa ameshakuwa mkubwa. Leo mimi ni mwalimu, nafundisha P6. Yeye anaendesha bodaboda. Nikialikwa kusema kwenye sherehe, anatoka nje. Nampenda Mzee Kajubi kwa moyo wangu wote, na kila nikimshukuru nakumbuka zile kurasa. Nimfanyie nini kaka yangu?

Binti wa Kambi
Pole sana dada. Nimelia.

Mpita Njia Malaba
Mnunulie pikipiki iwe yake, aache kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni.

Mama Watatu Mbale
Usimnunulie! Atajiona amelipwa kurasa. Somesha watoto wake, bila kutangaza.

Mzee wa Arua
Kaa naye kwanza, umwambie kwamba unakumbuka. Hujatuandikia kama umewahi kumwambia.

Kijana wa Jinja
Elimu ya watu wazima ipo. Mfundishe hesabu mwenyewe, ada akupakie bure kwenda kazini 😀

Ndugu wa Mukono
Mnaona sasa? Hiyo ndiyo UPE. Madarasa yakafurika, watoto chini ya miti, halafu tunasherehekea.

Mwalimu wa Busia
Ndugu, isome ripoti. Tume ilitaka elimu ya bure ije kwa hatua, pamoja na walimu na madarasa. Kampeni za urais za 1996 ndizo zilizoharakisha mambo. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 3, mwaka mmoja tu wakapita milioni 5. Ukigombana, gombana na haraka ile, usimguse Mzee. Tena jamani, mada ni Kajubi, tusihamie bodaboda.

Mama Watatu Mbale
Mwalimu, kwa heshima yote, mada ni hiyohiyo. Bila ile tume dada huyu angekuwa jikoni kwa mtu.

Mtoto wa UPE
Nimesoma yote. Mzee wa Arua, kweli, sijawahi kumwambia. Jumapili nakwenda kwake. Mwanawe anaingia S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, Februari. Ada nitaibeba mimi, na hilo nitamwambia waziwazi, sitajificha. Pikipiki ingoje.

Msomaji wa Kumi
Kwetu tulikuwa kumi na mmoja, na baba alitupigisha kura kwa vijiti vya mhogo. Mimi nilivuta kifupi. Nitaandika kesho, simu inazima.