Gemu ni spoti ama tunajidanganya? Wadau hebu tuongee

Wadau habari zenu. Juzi baada ya alasiri hapa Majengo, Mombasa, maneno yalichacha barazani, chanzo ni kijana wa jirani kumwambia babake ati yeye ni mwanamichezo. Mzee akamuuliza wa timu gani, kijana akajibu wa pleisteshen. Basi ikawa vurugu, kila mtu na lake.

Aliyekuwa mkali zaidi ni ami yetu mmoja, mtu wa bao kupindukia. Ati mtu kakaa kitako tangu alasiri mpaka maghrib yuabonyeza vidude, hata jasho halimtoki, hio yaitwaje spoti? Mimi nikamtizama tu. Ami huyu huyu huinamia mashimo 32 na kete 64, akishamaliza hatua ya namua akaingia ya mtaji hata adhana huisikia kwa mbali (Mola amsamehe), na ukimwambia bao si mchezo mtakosana mwezi mzima. Nikamwambia ami, na weye ukilinda nyumba yako pale baoni jasho lakutoka wapi? Akasema ah, bao ni la akili. Haya, kumbe jasho si sharti! Na sataranji je, Kamati ya Olimpiki ishaitambua tangu 1999 na hakuna anayekimbia pale.

Kwa hivyo la jasho naliweka kando. Wenzetu Asia washalivuka kitambo, kwenye Michezo ya Asia kule Hangzhou 2023 gemu zilikuwa na medali kamili, Korea Kusini wakabeba dhahabu ya gemu ya League of Legends, na nyota wao Faker na wenzake wakapata msamaha wa jeshi la lazima kama mwanariadha yeyote wa kwao mwenye dhahabu ya Asia. Na Mkenya mwenzetu Sylvia Gathoni, yule Queen Arrow wa gemu ya mapigano Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani tangu 2018. Huyo mtamwambia alikuwa acheza tu?

Shida yangu mimi ni nyengine. Mpira hauna mwenyewe. FIFA ikifunga ofisi leo, watoto wa Tononoka kesho watasuka makaratasi na kamba waendelee. Gemu ina mwenyewe na mwenyewe ni kampuni. Angalieni EA, kampuni inayotengeneza gemu ya mpira, na FIFA walivyoachana, gemu ya FIFA 23 ikawa ya mwisho kwa jina hilo, 2023 ikaja FC 24 (ingawa sisi kwenye vibanda vya gemu bado twaiita fifa na tutaiita fifa mpaka kiama), mchezaji hakuulizwa kitu. Mbinu uliyoisotea mwaka mzima, toleo jipya likija haifungi tena. Wakizima seva ndo umestaafu hivyo. Hata hao wa Olimpiki walitangaza 2024 watafanya Olimpiki ya gemu na Saudia, 2025 wakaachana. Sasa huo mchezo nani mwenye usemi?

Nawaambia kwa nini lanikera. Mwaka jana niliombwa niwe refa wa shindano la fifa kibandani Kisauni, vijana 16, kiingilio mia mia, mshindi aondoka na elfu moja. Fainali, dakika ya 84, anayeongoza 2-1 ni katoto ka miaka 13, pad imelowa mpaka akawa aipangusa kwa kikoi cha kakake kila mpira ukitoka nje (jasho la ami hilo, angekuwepo). Stima ikapotea.

Iliporudi baada ya nusu saa gemu ishafutika, tuko kwenye menyu. Katoto kataka elfu yake. Aliyefungwa ataka waanze upya sufuri sufuri. Mwenye kibanda asema wacheze zile dakika sita peke yake na hesabu ibaki 2-1, wazo zuri ila gemu yenyewe hairuhusu kuanzia dakika ya 84. Watu wote wananiangalia mimi na mimi sina hata karatasi moja ya kanuni. Nikakopa sheria ya mpira, ile ya 7, mechi ikivunjika huchezwa upya isipokuwa kanuni za shindano ziseme vyengine, na zetu hazikusema chochote kwa sababu hazikuwepo. Wakaanza upya, katoto kakapigwa 3-0. Kaliweka pad chini polepole, kakavaa ndara, kakaondoka bila kuniaga, na mpaka leo kakiniona kwa mbali hupitia ng'ambo ya pili ya barabara.

Yani kuamua gemu ilibidi niende kuazima kitabu cha mpira. Ndo maana nasita kusema ni spoti, si kwa sababu ya kukaa kitako.

Sasa nyinyi mnaonisoma hapa, hasa mnaoendesha vibanda, ile elfu mngempa nani?